Kadi ya Simbu na foleni iliyo nyuma yake

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kadi. Si kadi ya kliniki, wala si ile ya mchango wa harusi inayokufikia mwisho wa mwezi wakati mfuko umekwisha kutoboka. Nazungumzia kadi ambayo mtoto wa Ikungi, hapa hapa mkoani Singida, aliipata tarehe 15 Septemba 2025 katika jiji la Tokyo, huko Japani. Kule kulikuwa kumekwisha kucha. Hapa kwetu ilikuwa saa saba na nusu za usiku mbio zilipopangwa kuanza, na wengi wetu tulikuwa tumejifunika gubigubi, upepo wa Singida ukipiga mabati kama kawaida yake.

Tulipoamka, Alphonce Felix Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni.

Tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983 kule Helsinki, Tanzania haikuwahi kupata medali ya dhahabu hata moja. Ilibidi tungoje miaka 42. Na siku ilipofika, haikuja kwa kishindo, ilikuja kwa kupenya. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walikimbia kilomita 42 na ushei, wakaingia uwanjani pamoja, Petros akiwa mbele. Katika hatua za mwisho kabisa Simbu akampita. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya kwenye mstari ndiyo iamue, na picha ikasema kwamba kati yao kulikuwa na sehemu tatu za mia za sekunde, yaani sekunde 0.03.

Msikilizaji, katika mashindano hayo hayo mbio za mita 100 za wanaume zilishindwa kwa tofauti ya sekunde 0.05. Maana yake ni kwamba waliokimbia zaidi ya saa mbili walifika wakiwa wamebanana kuliko waliokimbia sekunde kumi.

Sasa nije kwenye kadi yenyewe. Neno hili tumeliazima kutoka kwenye tenisi, ambako wenyewe huiita waildikadi. Mchezaji ambaye kwa orodha ya ubora hastahili kuingia katika mashindano makubwa, anaweza kupewa kadi hiyo na waandaaji, akaingia bila kupanga foleni. Mwaka 2016 Mwingereza mmoja, Marcus Willis, alikuwa mtu wa 772 katika orodha ya dunia. Alikuwa na miaka 25, riziki yake ikitokana na kufundisha watu tenisi katika klabu, na alikuwa amekaribia kuondoka kwenda Marekani kufanya kazi ya ualimu wa mchezo huo. Akapata nafasi katika mechi za mchujo za kugombea kadi, akiwa karibu wa mwisho kuingizwa. Akashinda. Akaingia mechi za kufuzu, akashinda tena. Akaingia Wimbledon yenyewe, akamtoa Ričardas Berankis wa Lithuania, kisha akapangiwa Roger Federer katika uwanja mkuu. Federer alimfunga seti tatu bila, lakini siku ile Uingereza nzima ilikuwa na jina la Willis mdomoni.

Katika tenisi, basi, kadi mara nyingi hutolewa kwa hiari ya mwenye shughuli. Katika riadha mambo ni tofauti. Kanuni za mashindano ya dunia zinasema kwamba bingwa anayetetea taji lake anaingia kwa kadi. Haiombwi kwa barua, wala haipatikani kwa kujuana. Hulipiwa kwa jasho, tena kabla ya kupewa. Kwa hiyo mashindano yajayo ya dunia, yaliyopangwa kufanyika Beijing, China, kuanzia tarehe 11 hadi 19 Septemba 2027, yana kiti kimoja cha marathoni ya wanaume chenye jina la Simbu.

Mama mmoja muuza vitunguu sokoni hapa mjini, ambaye husikiliza mazungumzo haya, aliniuliza swali ambalo naona wengi mnalo. Alisema, "Kaka mtangazaji, huyu Simbu mpaka Beijing si atakuwa amechoka? Kwa nini wasimpe kijana hiyo kadi?"

Nilimwambia, "Dada yangu, kadi hiyo hairithiwi wala haiuzwi. Ni ya bingwa mwenyewe. Yeye asipokimbia, imepotea."

Akatikisa kichwa. "Basi aitumie, lakini umri haumngoji mtu."

Ni kweli, umri haumngoji mtu. Lakini katika marathoni umri una tabia zake, na hapo ndipo nataka tutulie kidogo.

Simbu alizaliwa Februari 1992. Alipokuwa bingwa wa dunia alikuwa na miaka 33. Hebu tutazame alikopitia. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, alikuwa wa tano. Tukashangilia, tukasema mwakani. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya London, alikuwa wa tatu, akaikosa medali ya fedha kwa sekunde mbili tu. Tukasema safari ijayo ni dhahabu. Safari iliyofuata ilikuwa Doha, mwaka 2019, na alimaliza nje ya kumi bora. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 alipata fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Kisha ikaja Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, akawa wa 17.

Mtu wa 17, ndugu msikilizaji, hapokelewi na ngoma uwanja wa ndege. Mtu wa 17 mwenye miaka 32 huambiwa kwa upole kwamba ameitumikia nchi vya kutosha, sasa awapishe wengine. Na pengine hata wewe na mimi tungeulizwa mwezi ule wa Agosti 2024, tungesema hivyo hivyo.

Miezi minne baadaye, Desemba 2024, Simbu alikimbia Valencia, Hispania, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 38. Alikuwa hajawahi kukimbia kwa kasi hiyo maishani mwake. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4, muda uleule aliopewa Mkenya Cybrian Kotut aliyekuwa wa tatu. Kwa hiyo alipofika Tokyo Septemba ile, kubanana na mtu kwenye mstari halikuwa jambo geni kwake.

Sisi Watanzania tumeharibiwa kidogo na utamu wa mwaka 1974. Filbert Bayi alikuwa na miaka 20 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand. Tangu hapo tumejenga imani kwamba kipaji hujitokeza chenyewe, tena mapema, kama mwezi mwandamo: ukionekana umeonekana, usipoonekana basi. Lakini Bayi alikuwa mtu wa mita 1,500. Mbio ndefu zina kalenda nyingine. Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, akawa wa pili mwaka 1989, akawa wa pili tena mwaka 1990. Katikati ya hizo pili tatu, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Alikuwa na miaka 32. Eliud Kipchoge wa Kenya alikosa nafasi katika timu ya nchi yake ya Olimpiki ya mwaka 2012, ndipo akahamia barabarani. Rekodi yake ya kwanza ya dunia ya marathoni, kule Berlin mwaka 2018, aliiweka akiwa na miaka 33.

Na kuhusu kutetea taji, wanaume watatu tu wamewahi kushinda marathoni ya dunia mara mbili mfululizo. Abel Antón wa Hispania alishinda mwaka 1997 akiwa na miaka 34, akarudia mwaka 1999 akiwa na miaka 36. Jaouad Gharib wa Morocco alishinda mwaka 2003 na 2005. Huyu Gharib tunamkumbuka, kwa sababu siku alipotetea taji lake Helsinki, aliyekuwa wa pili, sekunde 11 nyuma yake, alikuwa Mtanzania Christopher Isegwe. Wa tatu ni Abel Kirui wa Kenya, mwaka 2009 na 2011. Beijing itakapofika Simbu atakuwa na miaka 35, mwaka mmoja pungufu ya Antón wa pili. Na jiji lile lenyewe lina habari zake: ndipo Constantina Diţă wa Romania aliposhinda marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya mwaka 2008 akiwa na miaka 38.

Sitaki kumdanganya mtu. Jiji hilo hilo la Beijing, mwaka 2015, lilimpa ubingwa wa dunia wa marathoni kijana wa Eritrea, Ghirmay Ghebreslassie, akiwa na miaka 19. Marathoni haimwogopi mzee wala haimheshimu. Kadi inakufikisha kwenye mstari wa kuanzia, na kutoka hapo kila mtu na miguu yake.

Sasa ndugu msikilizaji, naomba unisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kadi hii inapotuhusu sisi tusiokimbia. Kwa kawaida nchi moja huruhusiwa kuingiza wakimbiaji watatu katika mbio moja ya mashindano ya dunia. Kadi ya bingwa mtetezi inaongezea nafasi ya nne. Yaani Simbu akiingia kwa kadi yake, nafasi tatu za Tanzania zinabaki wazi kwa wengine. Ni kama mwenye nyumba aliyepewa kiti chake pembeni, benchi lote likabaki kwa wageni.

Wenzetu wa Ethiopia wanajua thamani ya benchi hilo. Mwaka 2023, kule Budapest, bingwa mtetezi wa wanawake alikuwa Gotytom Gebreslase wao. Wakaingiza wanawake wanne. Dhahabu ilichukuliwa na mwenzake, Amane Beriso, na Gebreslase mwenyewe akachukua fedha. Taji halikutoka Ethiopia, lilihama kichwa tu.

Je, sisi tuna watatu wa kukaa kwenye benchi hilo? Kwa ajili ya mashindano ya Tokyo kiwango cha kufuzu marathoni ya wanaume kilikuwa saa 2, dakika 6 na sekunde 30. Huo si muda wa kubahatisha. Tunaye Gabriel Geay, mwenye rekodi ya taifa ya saa 2 na dakika 3 kamili aliyoiweka Valencia mwaka 2022, na ambaye alikuwa wa pili Boston mwaka 2023. Lakini nchi haiwezi kuishi kwa majina mawili. Na kwa wanawake, ambao kadi hii haiwagusi, Magdalena Shauri alituonyesha Berlin mwaka 2023, alipokuwa wa tatu kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, kwamba hata huko mlango uko wazi.

Kwa hiyo swali langu la wiki hii si kama Simbu atashinda Beijing. Hilo tumwachie yeye, kocha wake na Mwenyezi Mungu. Swali langu ni hili: yuko wapi Simbu wa mwaka 2024? Namaanisha yule wa 17. Yule ambaye leo hii ana miaka 26 au 29, muda wake ni mzuri lakini haujawa mzuri sana, jina lake haliko magazetini, na nyumbani wanamwuliza kila jioni hizo mbio zitaleta unga lini.

Hapa kwetu mnamwona. Ukitoka alfajiri kwenye barabara ya kwenda Ikungi, kabla malori ya Dodoma hayajaanza kunguruma, utamkuta anakwenda peke yake, soli za viatu zimelika upande mmoja. Mkoa wetu uko juu kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu, barabara ni ndefu, vilima vipo. Mungu alitupa kiwanja cha mazoezi bila kodi. Watoto wetu wa UMITASHUMTA na UMISSETA wanakimbia vizuri, tunawapigia makofi, tunawapa madaftari. Kisha wanamaliza shule. Akifika miaka 22 bila medali, anaambiwa aende akalime alizeti kama wenzake. Na kulima alizeti ni kazi ya heshima, nami nimekua kwa mafuta yake. Lakini aliyeambiwa aache alikuwa bado na miaka kumi ya kukomaa.

Nimekaa nikajiuliza, ni kitu gani kilimlinda Simbu kati ya mwaka 2016 na 2025? Kati ya nafasi ya tano ya Rio na dhahabu ya Tokyo kuna miaka tisa. Nani anamlisha mtu miaka tisa? Moyo wa subira ni mzuri, lakini subira haipikwi chunguni. Jibu liko wazi kwa anayetaka kuliona: Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ana ajira. Alipokuwa wa tatu duniani alikuwa askari, na alipokuwa wa 17 alikuwa askari vilevile. Ikangaa naye alikuwa mwanajeshi, na Bayi pia. Ukiitazama historia ya riadha yetu utaona kwamba mara nyingi nyuma ya medali kulikuwa na mshahara mdogo usiokatika.

Basi, hilo ndilo fundisho ninaloliona. Mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji muda, na muda hununuliwa. Jeshi limebeba mzigo huu miaka mingi. Je, halmashauri zetu haziwezi kuajiri wakimbiaji wawili, watatu, kama walinzi, kama wahudumu, kama walimu wa michezo, wakapewa asubuhi zao za mazoezi? Je, wenye viwanda vya kukamua alizeti, ambao magari yao yana maandishi makubwa ubavuni, hawawezi kumvalisha kijana mmoja fulana yenye maandishi hayo hayo na kumlipia nauli?

Nauli, ndugu msikilizaji, si jambo dogo. Muda wa marathoni hauhesabiwi kokote tu. Njia lazima iwe imepimwa na kukubaliwa kwa kanuni za kimataifa. Kijana anaweza kukimbia kwa kasi ya ajabu kutoka hapa mjini hadi kwao kijijini, ushahidi ukawa wa kuku wa barabarani tu. Ili aingie katika hesabu hana budi kusafiri hadi penye mbio zilizopimwa, na za kasi kubwa ziko nje ya nchi. Huko ndiko wengi wanakoishia. Miguu haikuwashinda, iliyowashinda ni tiketi.

Sisemi tuuache mpira. Siku timu ikicheza Uwanja wa Liti nami huwa pale, na sauti yangu hukauka kama ya mwingine yeyote. Nasema tu kwamba tunapomchangia mchezaji wa mpira aliyetoka mbali, tukumbuke kuwa aliyetuletea ubingwa wa dunia alizaliwa mwendo mfupi tu kutoka uwanjani hapo.

Na tuwe wakweli kuhusu tarehe. Kadi ya Simbu ni ya Beijing 2027 tu. Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 haina kadi ya namna hiyo kwa bingwa wa dunia, nako kila nchi inabaki na nafasi tatu. Simbu atakuwa na miaka 36 wakati huo. Wanaopenda kuhesabu miaka ya watu nawakumbusha kwamba jiji hilo hilo, mwaka 1984, lilimwona Carlos Lopes wa Ureno akishinda marathoni ya Olimpiki akiwa na miaka 37, Ikangaa wetu akiwa wa sita. Lakini hata Simbu akifika huko, atahitaji wenzake. Mbio za marathoni hukimbiwa katika kundi, na mtu aliye na ndugu zake ndani ya kundi hupumua vizuri zaidi.

Kwa hiyo ninyi wazazi wa Ikungi, wa Iramba, wa Manyoni, wa Mkalama na wa hapa mjini, mwenye kijana anayeamka saa kumi na moja kwenda kukimbia, msimwulize leo ameleta nini. Mwulizeni muda wake wa mwaka jana ulikuwa ngapi, na wa mwaka huu ni ngapi. Kama unapungua, hata kwa nusu dakika, mwacheni aende. Nanyi wenye ofisi na viwanda, benchi lina nafasi tatu, na Septemba 2027 haiko mbali kwa mtu anayejifunza marathoni.

Simbu amekwisha kupata kiti chake. Waliobaki wamesimama mlangoni, na wengine wao ni watoto wetu. Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.